Lori Langu Halikuwa na Dereva

Mzee wangu alirudi kutoka Malaba Jumamosi moja usiku, akaoga, akala, kisha akaja kusimama nyuma yangu pale mezani. Nilikuwa nimemaliza lori. Miezi minne ya kazi: katoni za sabuni, vijiti vya aiskrimu, waya, soli za slipa na gundi. Lori la jeshi la Marekani la Vita vya Pili vya Dunia, GMC ya matairi kumi, limepunguzwa mpaka likabaki na urefu wa sentimita 18 na nusu. Nyota nyeupe iko mlangoni. Turubai la nyuma nililikata kutoka kwa leso kuukuu ya mathe. Nilikuwa nimeshalipiga picha kama hamsini.

Mzee akainama. Ameendesha malori miaka ishirini na sita, kwa hivyo nilijua vitu ataangalia. Akaangalia ekseli. Akaangalia springi. Akageuza chini kuona kama nimeweka propela shafti, na nilikuwa nimeweka. Halafu akawasha tochi ya simu na kumulika ndani ya kebini.

"Na dereva ako wapi?"

Nikacheka. "Baba, hii ni modeli tu. Haina dereva."

"Sasa hii gari imefikaje hapa?"

Akazima tochi, akaenda kulala. Mimi nikabaki pale nikiangalia kebini tupu, na manze, usingizi ukapotea.

Kwa wale wageni hapa: mimi hutengeneza modeli za magari ya vita ya Wamarekani kwa mkono. Sinunui zile za kuunganisha zinazokuja kwa boksi na maagizo, juu bei yake ikifika Nairobi ni noma. Natafuta vitabu vya mafundi vya jeshi la Marekani vya miaka ya 1940, vile vyenye michoro ya kila nati, napiga hesabu, nakata kadibodi. Skeli yangu ni 1/35. Yaani sentimita 35 za gari halisi zinakuwa sentimita 1 kwa meza yangu.

Ukiniuliza kwa nini 35, mbona isiwe 30 au 40, jibu ni betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza modeli ya kifaru cha Kijerumani, Panther, yenye mota ndani. Bodi ikabidi iwe pana vya kutosha betri ziingie. Walipopima baadaye wakapata imekuja kama 1/35. Ikashika. Mpaka leo watu dunia nzima wanatengeneza magari ya vita kwa kipimo kilichoamuliwa na saizi ya betri.

Na kabla useme hizi ni michezo ya watoto: mwaka wa 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule za sekondari watengeneze modeli 500,000 za ndege, skeli ya 1/72, zipakwe rangi nyeusi. Zilitumika kufunza wanajeshi kutambua ndege kwa umbo lake tu, ili mtu asije akaangusha ndege ya wenzake. Kijana na wembe na kipande cha mbao alikuwa anafanya kazi ya vita. Kwa hivyo mtu akinishangaa nikiwa na gundi kwa vidole, mimi hunyamaza tu.

Lakini kuna kitu kingine wageni hawajui, na hii stori haiwezi kueleweka bila hiyo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uinjinia. Sitawadanganya kwamba ni karo, ile sababu ambayo kila mtu hukubali bila kuuliza. Karo ilikuwa inalipwa. Mimi ndiye niliacha kwenda darasani. Nilikuwa nimefeli masomo mawili, nikaona aibu, nikaanza kukaa chumbani nikikata kadibodi. Modeli yangu ya kwanza, jeep, niliimaliza asubuhi ya mtihani ambao sikwenda kufanya. Muhula mmoja mzima mzee alituma karo na mimi nilikuwa nimeshaacha.

Aliponiambia anatuma ya muhula uliofuata, ndipo nikasema ukweli. Alikuwa kwa foleni ya mizani pale Mariakani. Akanyamaza kidogo, nikasikia injini tu. Akasema, "Sawa. Nimefika kwa mizani, nitakupigia." Hakupiga. Hiyo ni miaka miwili sasa, na hatujawahi kuiongelea.

Turudi kwa hiyo jeep, juu ndiyo ilinifanya nidhani najua kusimulia historia. Stori yake nimeirudia hapa mara nyingi. Mwaka wa 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, linalosukuma magurudumu yote manne, na likaandikia kampuni 135. Sharti lilikuwa gari la majaribio lipatikane kwa siku 49. Kampuni iliyokubali hiyo tarehe ilikuwa ndogo na karibu kufilisika, American Bantam, kutoka mji wa Butler, Pennsylvania. Wakamwita injinia mmoja, Karl Probst, akachora gari zima kwa siku chache. Tarehe 23 Septemba 1940 wakaliendesha mpaka kambi ya Holabird, Maryland, na kulikabidhi ikiwa imebaki kama nusu saa muda uishe.

Halafu jeshi likachukua michoro ya Bantam na kuwapa Willys na Ford waione. Oda kubwa zikaenda kwa hao wakubwa. Jumla ya jeep zilizotengenezwa wakati wa vita ni zaidi ya 600,000, na Bantam hawakufikisha hata 3,000. Wao wakapewa kandarasi ya kutengeneza vitrela vya kuvutwa na jeep.

Niliipenda hiyo stori, na mnajua kwa nini. Mdogo anafanya kazi, mkubwa anakula. Nikaijua kila kitu. Ukinionyesha jeep ya vita nitakuambia kama grili ni ile ya kwanza ya Willys ya vyuma vilivyochomelewa, au ni ya bati lililopigwa chapa ambayo Ford walianzisha, yenye matundu tisa. Nitakuambia Ford walipiga herufi F kwa boliti zao. Sisi watu wa modeli tuko hivyo, tunahesabu riveti. Mtu anaweza kukosana na wewe kabisa kwa sababu ya rangi ya ndani ya kebini.

Na kwa hizo jeep zote, na kwa lori nililomaliza, sikuwahi kuweka mtu.

Baada ya lile swali la mzee nikasema sawa, wacha nimpe dereva wake. Mtu wa mita 1.75 kwa skeli ya 1/35 ni sentimita 5. Akikaa ni kama sentimita 4 kasoro. Nikapinda waya, nikafunika na karatasi iliyolowekwa kwenye gundi, nikachonga kofia kutoka kwa mshumaa. Ikafika wakati wa kupaka uso. Nikachukua nyeupe, nikaongeza nyekundu kidogo na manjano kidogo, nikachanganya mpaka ikakuja rangi ya Mzungu. Nikapaka. Sikufikiria hata sekunde moja. Mimi, kijana mweusi wa Nairobi, nikitengeneza mtu kwa mkono wangu mwenyewe, mkono ukaenda kwa ile rangi bila kuulizwa.

Shida ilikuwa mikono yake. Ilikaa vibaya kwa usukani. Nikaenda kutafuta picha za zamani za jeshi nione dereva wa GMC alishikaje usukani. Na picha zikaanza kuja. Jamaa wanapakia mafuta. Jamaa wanabadilisha tairi kando ya barabara. Jamaa amelala juu ya mizigo, kofia ikiwa imefunika uso. Picha baada ya picha, watu weusi. Nikarudi kumwangalia yule jamaa wangu wa pinki pale mezani, nikajiskia mjinga.

Sasa niwape historia yenyewe, polepole.

GMC hii jina lake la kiwandani ni CCKW. Inaonekana kama kosa la kuandika lakini kila herufi ina kazi. C ya kwanza ni muundo wa mwaka wa 1941, C ya pili ni kebini ya kawaida, K inamaanisha magurudumu ya mbele pia yanasukumwa, na W ni ekseli mbili za nyuma zinazosukumwa. Ilipimwa kubeba tani 2 na nusu nje ya barabara. Zilitengenezwa zaidi ya 560,000. Chuma kilipokuwa adimu wakaanza kutengeneza bodi ya nyuma kwa mbao, na hapo ndipo vijiti vyangu vya aiskrimu vinaingia. Hakuna mtu huweka bango la hili lori ukutani. Watu hutaka vifaru.

Lakini kifaru bila mafuta ni chuma tu. Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao yalishuka kwenye fukwe za Normandy, Ufaransa. Kwa wiki kadhaa yalikwama. Mwisho wa Julai yakachomoka na kuanza kukimbiza Wajerumani kwa kasi ambayo hata waliopanga vita hawakuitarajia. Na hapo tatizo likaanza. Reli za Ufaransa zilikuwa zimeharibiwa, nyingi na mabomu ya hao hao washirika, waliozipiga kabla ya kushuka ili Wajerumani wasizitumie. Bandari kubwa zilikuwa zimeharibiwa au bado ziko mikononi mwa adui. Mizigo imerundikana fukweni. Wanajeshi wako mamia ya kilomita mbele, na divisheni moja ilihitaji karibu tani 750 za vitu kwa siku: mafuta, risasi, chakula. Divisheni zilikuwa 28. Piga hesabu, ni kama tani 20,000 kila siku.

Jibu likawa malori. Tarehe 25 Agosti 1944 ikaanzishwa Red Ball Express. Walichukua barabara mbili, moja ya kwenda, nyingine ya kurudi, wakazifunga kwa magari ya raia, wakaweka mabango yenye duara jekundu njia nzima. Jina lilitoka kwa reli za Marekani, ambako mzigo wa haraka uliitwa hivyo. Tarehe 29 Agosti, siku chache tu baada ya kuanza, magari 5,958 yalibeba tani 12,342. Trela ya mzee wangu hubeba tani kama 28. Hiyo ni kama trela 400 zikipita kwa siku moja, ila mzigo umegawanywa kwa lori karibu elfu sita, na kila lori lina mtu macho yake yameiva.

Sheria ilisema mwendo ni maili 25 kwa saa, kama kilomita 40, na nafasi ya kama mita 55 kati ya lori na lori. Injini zilikuwa na spidi gavana. Unajua kilichofanyika. Sisi watoto wa matatu tunajua, kabla hata ya sheria za Michuki za 2004 kutufundisha: gavana zilichezewa. Madereva walizifungua ili lori lipande mlima na mzigo wake. Usiku karibu na mapigano waliendesha na taa zilizofunikwa zikaacha mwanga mdogo kama jicho la paka. Lori likiharibika linasukumwa kando, wengine wanapita. Wawili walikuwa wanapokezana, mmoja akiendesha na mwenzake akijaribu kulala.

Mzigo mkubwa ulikuwa petroli, na petroli ilienda kwa jerikeni. Ndiyo, hiyo hiyo. Ule mtungi uko nyuma ya mlango kwenu, wa kuweka maji yakikatika, jina lake limetoka vitani. Wajerumani ndio waliubuni. Waingereza walikuwa wakimwita Mjerumani "Jerry", wakauona mtungi wake ni mzuri kuliko wao, wakauiga, na Wamarekani pia wakawa na wa kwao. Mimi nilitengeneza jerikeni 40 za kadibodi, kila moja sentimita 1.3, na baada ya ya kumi na tano nilitaka kulia. Jamaa wale walikuwa wanapakia mamia, kila moja imejaa lita karibu 20, kwa mikono.

Na wale jamaa walikuwa akina nani? Karibu robo tatu ya madereva wa Red Ball walikuwa Wamarekani weusi. Hii haikutokea kwa bahati. Jeshi la Marekani wakati huo lilitenganisha watu kwa rangi: kambi zao, vikosi vyao, meza zao za chakula. Weusi wengi walipelekwa kwenye vikosi vya kazi, yaani uchukuzi, bandari, kuchimba, kupika, kwa sababu wakubwa hawakuamini kwamba wanaweza kupigana. Kwa hivyo wakati vita vyote vilikuja kutegemea usukani, walioshika usukani walikuwa wale waliokuwa wameambiwa hawafai kushika bunduki.

Mfano mmoja tu wa nchi waliyokuwa wanaipigania. Jackie Robinson, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota mkubwa wa besiboli, mwaka wa 1944 alikuwa luteni katika kikosi cha vifaru cha watu weusi, kile cha 761, huko Texas. Dereva wa basi la jeshi akamwambia ahamie nyuma. Akakataa. Akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na Agosti 1944 akaachiliwa bila hatia. Agosti hiyo hiyo ndiyo Red Ball ilianza. Upande mmoja wa bahari mtu mweusi ana kesi juu ya kiti cha basi, upande mwingine wenzake wanaendesha vita vizima.

Mwisho wa Agosti jeshi la Jenerali Patton liliishiwa na petroli na likasimama. Utalisikia jina la Patton kwa kila filamu. Madereva waliokuwa wanakimbia usiku kumpelekea hayo mafuta huwasikii. Red Ball ilifungwa tarehe 16 Novemba 1944, reli zikiwa zinarekebishwa na bandari ya Antwerp, Ubelgiji, ikiwa karibu kuanza kazi. Ndani ya hiyo miezi isiyofika mitatu ilikuwa imebeba zaidi ya tani 400,000. Mwaka wa 1952 Hollywood wakatoa filamu yenye jina hilo hilo, Red Ball Express. Staa mkuu alikuwa Jeff Chandler, Mzungu. Sidney Poitier yuko ndani, lakini kwa pembeni. Rais Truman alikuwa ametia saini amri ya kumaliza ubaguzi jeshini Julai 1948, miaka mitatu baada ya vita kuisha.

Kwa hivyo kumbe mkono wangu haukuenda kwa rangi ya pinki kivyake. Ulifundishwa na filamu, na picha za maboksi ya modeli, na michezo ya simu. Nani alikuwa ndani ya lori ni kitu nilikuwa nimeshajibiwa kabla sijauliza.

Najua wengine wenu mtasema modeli ni ya gari, si ya siasa. Nimewasikia wajenzi wazuri kuniliko wakisema hivyo, na nawaelewa. Kuchonga uso wa milimita sita ni ngumu kuliko kutengeneza gia boksi, na sura mbaya inaharibu kazi nzuri. Pia kuna raha ya kweli katika kuangalia mashine peke yake na kuelewa inavyofanya kazi. Siwezi kuikataa, ndiyo iliniokoa wakati sikuwa naweza kuangalia kitabu. Lakini kama nitasema lori langu ni la kweli mpaka kwa nati ya hapo chini, halafu nimtoe aliyeliendesha, au nimbadilishe rangi, basi nimedanganya kwa kitu kikubwa na kusema ukweli kwa vitu vidogo. Ni bora nati zipungue.

Nikamtoa jamaa wa pinki. Nikaanza upya, wawili sasa: mmoja kwa usukani, mmoja amelala. Rangi ya uso sikuchanganya kwa kukisia, niliweka mkono wangu kando ya karatasi nikalinganisha.

Mzee aliporudi safari nyingine nikamwita. Nikamweleza yote, Normandy, Red Ball, jerikeni, gavana. Kwa gavana akacheka sana. Kwa ile hesabu ya trela 400 akatikisa kichwa, akauliza walikuwa wanalala wapi. Nikamwambia mara nyingi ndani ya lori. Akasema, "Hapo hakuna kulala. Ni kufunga macho."

Kisha akasema kitu ambacho sijawahi kusikia kwetu. "Babu yangu pia alikuwa Keya. Burma. Alijifunzia gari huko."

Kimya. Mimi ndiye mtu wa historia humu ndani, mimi ndiye ninajua matundu ya grili ya Ford, na sikujua kwamba babu ya baba yangu alikuwa dereva wa jeshi katika vita hivyo hivyo. Sikuwahi kuuliza. Mzee anajua machache: kwamba alirudi na koti, kwamba alikuwa anasema matope ya huko yanameza gari, kwamba baadaye alipata kazi ya kuendesha lori la Mhindi, kisha akamfundisha babu, na babu akamfundisha mzee. Basi.

Hayo matope nimeyasoma. Mwaka wa 1944, wakati Red Ball inakimbia Ufaransa, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inapita bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika, ikiwasukuma Wajapani, mpaka Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland. Vyeo vya ofisa vilikuwa vya Wazungu. Na magari ya Kimarekani yalikuwa huko pia, juu Marekani ilikuwa inawapa Waingereza vifaa, jeep zikiwemo. Sijui babu wa baba aliendesha nini, na sitabuni. Najua tu kwamba usukani wa familia yetu ulianzia hapo, na usukani huo ndio ulinilipia karo.

Mzee akawa bado anaangalia kebini. Akaingiza kidole kimoja, polepole, akamgusa dereva kichwani. Gundi ilikuwa haijakauka vizuri. Akamwinamisha mbele kidogo, shingo ikaegemea upande wa dirisha.

"Mtu wa usiku wa tatu hukaa hivi," akasema. "Wewe umemkalisha kama mwalimu."

Nikamuuliza, "Kwani ile muhula ulikuwa unaendesha usiku ngapi?"

Hakujifanya hajui ni muhula gani. "Zote," akasema. "Mombasa Malaba, nageuka. Tajiri alikuwa analipa zaidi ukigeuka bila kulala."

Nikasema pole. Nilisema tu hiyo, pole baba, na nilikuwa nimeichelewesha miaka miwili. Akasema sawa. Hakuniambia ni sawa kuacha chuo, na sidhani anafikiria hivyo. Akavuta kiti, akaniuliza kama nina waya nyembamba, juu yule anayelala alikuwa ameketi vibaya pia, tanboi hulala na mguu juu ya dashibodi. Tulikaa hapo mpaka saa saba usiku tukipinda mguu wa sentimita mbili.

Lori liko hivi sasa: nyota mlangoni, jerikeni 40 nyuma, duara jekundu kwa bampa, dereva mweusi shingo imeanguka kidogo, mwenzake amelala na mguu juu ya dashibodi. Riveti za upande wa kushoto zimepungua tatu, nimehesabu, na nitaziacha hivyo. Modeli inayofuata nataka iwe ya Burma, lakini kwanza lazima nijue aliendesha gari gani. Mzee anasema kuna shangazi yake huko nyumbani, amezeeka lakini akili iko fiti, na huenda anajua. Tunaenda mwezi ujao. Yeye ndiye ataendesha.

Na wewe kama kwenu kuna dereva, wa lori, wa matatu, wa trela, wa chochote, muulize leo alijifunzia wapi kuendesha, na nani alimfundisha. Uliza mpaka umfikie wa kwanza.